Aliyesikiliza Akasema Ni Baridi

Injini ya dizeli husema kweli ikiwa baridi tu. Ikishapata moto inakuwa kama mgeni aliyeshiba: inamsifu kila mtu. Hivyo ndivyo fundi mmoja wa malori alivyokuwa akiwaambia wateja wake. Alikuwa mtu mfupi wa mabega mapana, na jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa limesahaulika gereji nzima. Walimwita Sikio.

Utaratibu wake haukuwa na mjadala. Lori liletwe jioni, lilale hapo, asubuhi liwashwe juu ya zege lililokuwa katikati ya ua. Lisikanyagwe mafuta. Liachwe lingurume lenyewe nusu saa. "Liacheni liseme," angesema, kisha angekaa juu ya tairi kuukuu na kikombe chake cha chai, kama hakimu aliyepata shahidi mwenye maneno mengi. Nusu saa ikiisha alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini, mpini akauweka nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha hukumu. Nozeli ya tatu. Au: vali. Au: liuze. Katika miaka ishirini na sita alikuwa amekosea mara nne, na zote nne alizikumbuka kwa tarehe.

Hatua nne kutoka kwenye zege lile palikuwa na dirisha. Nyuma ya dirisha kulikuwa na duka la spea, na ndani ya duka alikaa mkewe, ambaye madereva walimwita Mama Spea. Alijua namba za filta na gasketi bila kufungua kitabu. Alijua pia dereva gani ana nyumba ngapi, habari ambayo alisema inamsaidia kukadiria breki zake zitaisha lini.

Katika mwaka wa tano wa duka alimwomba mumewe ahamishie malori yake upande wa pili wa ua, kwenye ukuta wa mabati, maana moshi wote unaingia dirishani, na jioni akipenga kamasi anapenga masizi. Sikio hakukataa hivi hivi. Alimweleza kwa dakika ishirini, kwa upole, jinsi mabati yanavyorudisha sauti, jinsi sauti inayorudi inavyochanganyika na ile inayokwenda, na jinsi fundi mzima na akili zake anavyoweza kubadilisha pampu badala ya nozeli moja. Yalikuwa maelezo mazuri. Mkewe aliyasikiliza yote, akaenda kufunga dirisha. Wateja wakaanza kugonga kioo. Akalifungua, na jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Mjadala wa magari ya umeme uliingia gerejini ukiwa juu ya magurudumu manne. Aliuleta dereva mmoja wa teksi, mteja wa siku nyingi, aliyeuza gari lake la petroli, akanunua la umeme, kisha akaendelea kuja kila siku ingawa gari halikuwa na cha kutengenezwa. Alikuja kwa mazungumzo, kama mtu aliyeacha sigara lakini hajaacha kukaa na wavutaji. Hawakuchelewa kumbandika jina. Wakamwita Chaji.

Gari lake liliingia uani bila mlio, na hata baada ya miaka minne hilo lilimuudhi Sikio kuliko yote.

"Gari gani hili linakuja kama mwizi?"

"Linakuja kama mstaarabu, Fundi. Wewe umezoea wageni wanaopiga kelele mlangoni."

"Hilo si gari. Hilo ni friji lenye magurudumu."

"Na friji lako wewe linafika uwanja wa ndege?"

"Umeme ukikatika utafikaje?"

"Mafuta yakiadimika je? Mwaka juzi nani alikaa siku mbili kwenye foleni ya kituo cha mafuta, mimi au huyu?"

Huyu alikuwa dereva wa tipa, mtu mnene aliyengojea zamu yake akitafuna kijiti. Alisema ile foleni ilikuwa suala la taifa na isiingizwe kwenye mambo ya kiufundi.

"Betri ikifa je?" Sikio hakulegeza. "Injini mimi naifungua, naona ugonjwa wake. Hilo lako utalifungua uone nini? Waya. Waya utauuliza nini?"

"Halina ugonjwa."

"Kila kinachozunguka kina ugonjwa, bwana."

"Basi tumuulize mwenye duka," Chaji akasema. "Mama Spea, wewe uko upande gani?"

Mama Spea akatoa kichwa dirishani. Alikuwa na filta ya mafuta mkononi, akaishika kama mtu anayehutubia.

"Mimi kura yangu nampa Chaji."

Ua mzima ukalipuka. Dereva wa tipa alipiga boneti kwa kiganja. Sikio akajishika kifua.

"Mke wangu! Unakula dizeli, unavaa dizeli, mtoto umemsomesha kwa dizeli!"

"Na kupumua nimepumua dizeli pia, usisahau. Huyu anakuja, anaondoka, na dirisha langu liko wazi." Kisha akakohoa, kwa sababu siku hizo kicheko kilimkohoza, na watu wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya mzaha.

Sikio alicheka pia. Lakini yeye hakudhani ni mzaha, kwa kuwa kikohozi kile alikuwa anakifahamu kwa karibu miaka miwili.

Kilianza asubuhi moja nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani akifunga kamba za viatu, na mkewe, aliyempa mgongo, alikohoa kikohozi kidogo, cha kusafisha koo. "Hebu," Sikio akasema, nusu kwa utani, akaegesha sikio mgongoni kwake. Akafumba macho kwa mazoea. Pumzi iliingia vizuri. Ilipokuwa ikitoka, mwisho kabisa, pale ambapo mtu mwingine asingesikia kitu, palikuwa na mluzi mwembamba, na chini ya mluzi, mkwaruzo. Aliujua. Malori mengi yalikwishamletea sauti ile: hewa inatafuta njia na njia imeziba.

"Haya, Fundi, inasemaje?" mkewe aliuliza, anacheka. "Nozeli ya ngapi?"

"Ni baridi tu," Sikio akasema. "Ukipata moto itanyamaza."

Wenye malori waliovuka mipaka mitatu kumfuata waliliamini sikio lile. Mkewe angeanzia wapi kutoliamini? Hakwenda hospitali. Alikunywa maji ya moto, akavaa sweta.

Kwa nini alisema vile, Sikio mwenyewe hakuwahi kupata jibu ambalo angethubutu kulitamka. Mtu aliyewaambia wenye mali "liuze" bila kupepesa macho aliingiwa na woga wa maneno mawili, nenda ukapimwe, kwa sababu nyuma ya maneno hayo alikwishaona zege, dirisha, na zile dakika ishirini za maelezo mazuri. Akajipa mwezi mmoja. Mwezi ulipoisha akaweka tena sikio, alfajiri, mkewe akiwa bado usingizini, akasikia mluzi umenenepa. Akajipa mwezi mwingine. Ikawa hivyo kwa miezi ishirini na miwili. Hakuna lori alilowahi kulifuatilia kwa uangalifu wa namna ile.

Wiki chache baada ya ile kura, Mama Spea alishindwa kupanda vidato vitatu vya kuingilia dukani. Alikaa kwenye kidato cha pili, akaomba radhi kwa wateja.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Aliangalia picha ya mapafu kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Binti yao, msichana mkubwa anayefundisha sekondari, aliuliza kama ni moshi. Daktari alisema mambo mengi yanaweza kuleta hali ile, na moshi ni mojawapo, na sayansi haipendi kunyoosha kidole. Kisha akasema, "Mngekuja mapema kidogo..." na sentensi akaiacha hapo, akaanza kuandika. Sikio aliikagua sakafu ya chumba kile. Ilikuwa na vigae thelathini na sita, kimoja kimepasuka.

Nyumbani binti alishindwa kujizuia. "Ni yale malori yako, baba! Miaka yote ile, hatua nne kutoka dirishani! Hata mtu wa kawaida angesikia kifua kile kinavyolia, na wewe unajiita Sikio!"

"Muache baba yako," mama akasema kutoka kitandani. Alisema kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. "Baba yako alinisikiliza. Mwanzo kabisa. Akasema ni baridi. Angejua, angesema."

Binti akaona haya, akamwomba baba yake msamaha. Sikio akaupokea. Hakuna alichowahi kupokea kwa aibu kama msamaha ule ulioombwa kwake. Tangu saa hiyo akawa na kazi moja tu duniani, kumwambia mkewe kwamba alijua. Na kila siku akaamka na sababu ya kuiahirisha: leo amelala vizuri, tusimsumbue, leo amelala vibaya, tusimsumbue.

Walipewa mashine ya oksijeni, sanduku jeupe kwenye vigurudumu, lenye mpira mwembamba unaoishia puani. Iliunguruma mchana kutwa. Sikio aliiegeshea bisibisi siku ya kwanza, akatangaza kwamba beringi ya feni ni ya mashaka. Mkewe akamwambia kwa ishara ya kidole aiache mashine ya watu.

Umeme ulikatika Jumanne, saa nne asubuhi. Mashine ilitoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza. Sikio hakutetereka, kwa sababu siku hiyo aliisubiri. Nyuma ya nyumba alikuwa na jenereta ya dizeli aliyoifufua kwa mikono yake. Akaiwasha kwa mvuto mmoja. Mashine ikarudi. Na baada ya dakika mbili moshi, uliokuwa umezunguka nyumba ukitafuta pa kuingilia, ukapaona.

Mkewe alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Binti alifunga madirisha. Chumba kikawa tanuri. Akayafungua, moshi ukaingia wote. Sikio alikokota jenereta mpaka ukingoni mwa ua, waya ukawa mfupi. Akairudisha. Alikuwa anatoka jasho, akizunguka na ile mashine yake kama mtu aliyeleta zawadi na hajui aiweke wapi, binti alipopiga simu bila kumuuliza.

Chaji alifika kabla ya robo saa. Hakuna aliyemsikia. Alirudisha gari kinyumenyume mpaka chini ya dirisha, akafungua buti, akachomeka waya kwenye soketi iliyokuwa humo ndani, ncha nyingine akaipitisha dirishani. Sanduku jeupe likaanza kuunguruma. Gari lenyewe halikufanya lolote. Lilisimama pale kama gari lililoegeshwa tu.

Sikio akazima jenereta. Alingoja aambiwe. Chaji alikuwa ameitafuta siku hiyo kwa miaka minne, alikuwa na haki nayo, na Sikio angeshukuru kama angetukanwa kidogo.

"Betri iko asilimia sabini na moja," Chaji akasema huku akitazama skrini ya gari. "Inatosha mpaka kesho kutwa." Basi. Hata kutabasamu hakutabasamu.

Mama Spea, rangi ilipomrudia, akauliza kutoka ndani, "Nani kashinda?"

"Sare, Mama," Chaji akajibu.

"Muongo wewe."

Kesho yake, umeme ukiwa umerudi, Mama Spea alitaka kupanda lile gari. Miaka minne amelipigia debe, alisema, na hajawahi hata kukalia kiti chake. Wakaweka mashine kwenye kiti cha mbele, wakaifunga mkanda kama abiria, wakaichomeka. Mume na mke wakakaa nyuma. Binti alibaki kutandika kitanda.

Walipita barabara ya viwanda, wakapita kituo cha mafuta. Wahudumu waliwatazama kama watu wanaotazama msafara wa kiongozi wa chama kingine. Mke aliteremsha kioo, akatoa vidole nje. Kitu kilichomtia Sikio hofu ni kwamba alikuwa anasikia kila kitu: matairi kwenye lami, mashine, na ule mluzi, ambao sasa haukungoja mwisho wa pumzi. Ndani ya lori angeweza kukaa na maneno yake mpaka uzeeni. Humu hapakuwa na pa kuyaficha.

"Nilisikia," akasema.

"Nini?"

"Ile asubuhi. Nilipokuambia ni baridi. Haikuwa baridi, nilisikia. Nilijua si baridi."

Chaji, mbele, akashika usukani kwa mikono yote miwili kama mwanafunzi wa udereva.

Mkewe hakugeuka. Alipandisha kioo kwanza. "Ulisikiliza mara moja tu?"

"Hapana."

"Mara ngapi?"

"Kila mwezi. Ukiwa umelala."

Wakapita mzunguko wa barabara. Akawa anakusanya pumzi, na Sikio akaisikia inavyokusanywa, kidogo kidogo.

"Ungesema siku ile," mkewe akasema, "ningekasirika wiki nzima. Kisha tungekwenda hospitali. Sasa wiki ya kukukasirikia naitoa wapi?"

"Mke wangu..."

"Chaji, baba, turudi."

Hata hivyo alikasirika. Hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati. Kuanzia mchana huo alizungumza na mumewe kupitia kwa binti, na mume amekaa pale pale, kiti kimegusa kitanda. "Mwambie baba yako asogee, ananizibia mwanga." "Mwambie baba yako hii chai ni ya jana." Binti alikwishaambiwa kisa, na baba mwenyewe, jikoni, kwa sentensi tatu. Alifikisha ujumbe kwa sauti ya mwalimu anayesoma matokeo. Sikio alijibu kwa njia hiyo hiyo. Alisogea. Alibadilisha chai. Kila mara alipopita karibu na mkono uliokuwa juu ya shuka alipunguza mwendo, na mkono haukusogea. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa matusi, hata kwa msamaha wa haraka. Hakuwa amejiandaa kwa hasira ya mtu anayeifanyia kazi kwa nguvu alizobakiwa nazo, akipumzika katikati.

Siku ya nne asubuhi ujumbe ulikuwa: "Mwambie baba yako aende kazini. Watu wanamsubiri."

Akaenda, kwa kuwa kukataa kungekuwa ni kujibizana, na kujibizana hakukuruhusiwa. Dukani dirisha lilikuwa limefungwa na kufuli. Tipa lilikuwa juu ya zege tangu jana. Likawashwa, likaachwa liseme, na nusu saa ilipoisha Sikio akainama na bisibisi yake, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akapata raha ndogo ya kusikiliza kitu kinachoweza kutengenezwa. Nozeli ya pili, alikuwa karibu kusema. Simu ililia mara tano kwenye mfuko wa ovaroli yake. Hakuisikia. Wala hakusikia gari lililoingia uani nyuma yake, likasimama, wala mlango, wala hatua. Alichohisi ni mkono begani. Alipogeuka akamwona Chaji ananyoosha mkono ndani ya tipa anazima injini, na Chaji hakuwahi kugusa injini ya mtu.

Watu walikuja nyumbani. Viti viliazimwa, vikapangwa uani. Madereva walikaa pamoja, kwa sauti za chini, na kwa kuwa binadamu hawezi kukaa chini saa tatu akimzungumzia marehemu tu, walijikuta wamerudi kwenye betri. Dereva wa tipa alikuwa anasema kwa mnong'ono kwamba mlimani zinaisha haraka. Sikio alipopita wakanyamaza wote kama watoto waliokamatwa wakiiba sukari. Akawaambia waendelee. Hakuna aliyeweza.

Alimkuta binti jikoni, amesimama mbele ya sinki lililojaa vikombe, hafanyi kitu.

"Ulikuwa naye," Sikio akasema.

"Nilikuwa naye."

"Alisema lolote?" Kisha Sikio akaongeza, "Niambie kama lilivyo. Usinitengenezee."

Binti akachukua kikombe, akakiweka. "Aliuliza kama ulikula kabla ya kwenda kazini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hukula."

"Halafu?"

"Akasema, 'Atajua mwenyewe.'" Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Akafumba macho. Ndiyo hayo tu, baba. Hakuna mengine."

Sikio akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu. Alimwomba ayaseme tena maneno yale, kwa sauti ile ile aliyoyasema mama. Binti akajaribu. Alijaribu mara ya pili, akashindwa katikati, akamkumbatia.

Alipoachiwa, Sikio alifunua sufuria iliyokuwa jikoni, akajipakulia. Chakula kilikuwa kimepoa. Alikula akiwa amesimama, amegeukia ukuta, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikabaki tupu, kisha akabaki nayo mkononi, hajui aiweke wapi.